Ile ya Kusukuma

Vijana wa dukani wamenipigia tena juzi kuniuliza kwa nini wanawake wa Kaloleni wakija kutafuta pikipiki ya stima husema, "Tunataka ile ya kusukuma." Mmoja wenu, sitamtaja, alimjibu mama wa watu kwa uaminifu kabisa kwamba zetu hazisukumwi, zinaenda vizuri. Yule mama akashukuru, akatoka, akaenda zake. Nimestaafu, chai yangu nainywa nikiwa nimekaa, sina haraka na mtu, lakini hilo lilinikera. Basi nimeona niandike. Nikiwaeleza kwa simu mtasikia nusu, na nusu ya pili mtaimalizia wenyewe mnavyotaka.

Ya vyeo na mishahara siyaandiki. Cheo changu kilikuwa Mathe, yaani mama, na kila aliyepita Jogoo Road alikijua.

Nilizaliwa Ziwani, binti wa mfanyakazi wa reli, na nilipoingia kwenye lile duka mara ya kwanza nilikuwa sijawahi kukalia pikipiki hata ya kupigia picha. Siku hizo tuliuza zaidi spea za baiskeli, na pikipiki chache zikakaa mbele kwa ajili ya heshima. Aliyenipokea alikuwa Mzee Karanja, fundi na muuzaji, mtu wa Murang'a, mpole hadi umkanyagie sakafu akiwa ametoka kupiga deki. Alinipa kitambaa na kigoda. Kitambaa ni cha kupangusa tangi wakati mteja anafikiria, ili mikono yangu iwe na kazi na mdomo upumzike. Kigoda nilidhani ni changu, nikakikalia.

"Hicho si chako," akaniambia. "Weka pale mlangoni. Ni cha mke wa mteja."

"Na mteja mwenyewe?"

"Mteja ni huyo atakayekalia kigoda. Yule mwingine ni dereva."

Mzee Karanja alikuwa na elimu yake ya kuangalia watu. Mtu akiingia akatazama kwanza gurudumu, huyo amewahi kuanguka. Akitazama tangi, anapenda kupendeza, mwonyeshe nyekundu. Akibonyeza kiti cha nyuma kwa kiganja, ana mtu nyumbani. Na alinikataza kumsifia yeyote pikipiki kabla hajaikalia. Akishaikalia, nyamaza kabisa, maana hapo anajisifia mwenyewe. Mimi ni Mbukusu, kunyamaza hatukufundishwa, kwa hivyo hilo somo lilinichukua muda mrefu kuliko yale mengine yote.

Kesi ngumu zilikuwepo. Kuna mchungaji mmoja aliyenunua pikipiki akaja na waumini kuiombea palepale dukani, wakiwa na chupa ya mafuta ya upako. Waliimba vizuri, hata fundi akaacha nyundo. Mzee Karanja alivua kofia, akasubiri amina, kisha akamnong'oneza mchungaji kwamba mafuta yasifike kwenye breki. Mchungaji akasema Bwana atalinda. Mzee akasema, "Atalinda, lakini diski niipanguse." Kuna na baba mmoja wa Buruburu, karani mstaafu wa serikali, aliyekuja kila Jumamosi akiwa na suti, akakalia pikipiki ileile, akashika mikono ya usukani, akashuka, akatushukuru. Hakununua kamwe. Alipokosa kuja tulimtafuta, kumbe mafua tu. Duka linahitaji na watu wa namna hiyo.

Mzee Karanja alirudi kwao Murang'a kulima parachichi, nikabaki na kitambaa na kigoda. Miaka ikaenda. Boda zikajaa mtaani, tukauza mpaka tukachoka. Halafu zikaja za stima, zinazotumia betri badala ya petroli.

Meneja wetu wakati huo alikuwa Kelvin, kijana mwenye adabu na viatu safi. Makao makuu walimpa mabango ya kubandika, yenye mti na jua, yanayosema tuiokoe dunia. Tukayabandika. Niwaambie ukweli, katika muda wote niliouza zile pikipiki hakuna mtu wa steji ya boda aliyeniuliza habari za dunia. Waliniuliza kama mvua itawapiga shoti. Waliniuliza kama itabeba godoro. Waliniuliza kwa nini haina sauti, na atakayevuka barabara atajuaje kwamba mtu mzima anakuja. Mmoja aliikalia, akazungusha mkono apige resi, kukawa kimya, akashuka kwa huzuni kama amepewa chai bila sukari.

Na swali la watu wa kwetu Magharibi lilikuwa moja. "Mathe, hii itanifikisha nyumbani?" Nyumbani ni Bungoma. Ile ya petroli aliyokuwa nayo haijawahi kupita Ruai, na Disemba mwenyewe hupanda basi kama sisi sote. Lakini mwanamume anataka kujua kwamba angetaka angeweza. Sikuwacheka. Nami nina masufuria ya wageni ambao hawajawahi kuja.

Habari ya kuepuka bei ya petroli iliwaleta mpaka mlangoni, hapo sikatai. Ila walisimama mlangoni. Walisikiliza, wakatikisa vichwa, wakasema tutaona. Mtu wa Eastlands akikuambia tutaona, nenda ukapike.

Ndipo akaja Barasa. Alikuwa wa steji ya Kaloleni, mrefu, msemaji wa maneno machache, petroli yake nilimuuzia mimi mwenyewe na aliitunza kama ng'ombe wa mahari. Aliingia akiwa ameshika helmeti mbele ya tumbo, akazunguka zunguka kwenye kaunta.

"Mathe, mna dawa ya kuondoa harufu ya petroli?"

"Harufu iko wapi, kwa nguo?"

"Kwa nyumba."

Hapa niwaeleze ninyi mliokulia kwenye nyumba zenye geti. Mtu wa boda anayeishi chumba kimoja haiachi pikipiki nje. Akiiacha nje, asubuhi ataamka akiwa mtembea kwa miguu. Ya kwanza ya Barasa iliibiwa hivyohivyo, ukutani mwa chumba chake. Kwa hivyo jioni anaiingiza ndani. Meza inasogezwa, pazia linainuliwa, na pikipiki inalala na familia. Nimeona ndani ya nyumba za watu pikipiki iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, na daftari za shule juu ya kiti chake. Ni kama mgeni asiyeaga. Watu wamezoea hata hawaisemi, na mimi niliyekuwa nimeziuza maisha yangu yote nilikuwa sijawahi kumwuliza mteja pikipiki yake inalala wapi.

"Nani amelalamika?" nikamwuliza Barasa.

"Jentrix." Huyo ni mke wake. "Amesema akijifungua hatarudi hapo."

Nikamwambia anipeleke.

Chumba chao kilikuwa nyuma ya zile nyumba za zamani za kaunsili, safi, dirisha dogo. Kitanda, pazia, jiko pembeni, na palepale miguuni pa kitanda alama za magurudumu mawili kwenye simenti. Jentrix alikuwa amekaa akikunja vitambaa vya mtoto, tumbo limefika mwisho. Aliinuka kunisalimia ingawa nilimkataza.

"Karibu, Mama. Harufu utaisikia tu sasa ukiingia, baadaye pua inazoea."

"Wewe umezoea?"

"Mimi nimezoea. Mtoto bado hajazoea kitu chochote."

Akanieleza. Siku moja pikipiki iliegemea vibaya ikaanguka humo ndani, mafuta yakamwagika sakafuni, na jiko lilikuwa linawaka. Alilinyanyua jiko kwa kanga, akatoka nalo nje na ugali juu yake. Hakuungua. Lakini tangu siku hiyo hakulala usingizi wa maana. Alikuwa ameamua kwenda kujifungulia kwa mama yake, Webuye, na kukaa hukohuko.

"Simkasirikii," akasema, na Barasa amesimama palepale akitazama dari. "Nampenda, na anajua. Najua pia hawezi kuiacha nje, tutakula nini ikiibiwa? Lakini mtoto wangu halali na tangi. Nyumba ikiacha kulala na tangi, nitarudi."

Nikaona mlango umefunguka, nikaingia na pikipiki yangu ya stima. Nikamwambia haina tangi, haina petroli, hainuki. Nilifikiri nimemaliza kazi. Jentrix akaweka kitambaa magotini.

"Petroli najua itakavyoniua. Hiyo betri siijui. Yenyewe inalala wapi?"

Sikumwambia anaogopa bure. Nyaya za vyumba vile mimi nazijua, kuna ukuta mmoja kwetu Ziwani ulikuwa ukiugusa unakusalimia. Nikamwambia kuchaji hapo ndani asithubutu, betri huchajiwa na kubadilishwa kwenye kibanda cha Jogoo Road, na hata ikibidi inaweza kubaki hukohuko mpaka asubuhi.

"Basi ibaki huko," akasema.

Barasa akafungua mdomo mara ya kwanza. "Bila betri haitembei."

"Wewe una miguu," Jentrix akamjibu, akaendelea kukunja vitambaa.

Alisafiri kabla ya wiki kuisha. Barasa alimpandisha basi, akaja moja kwa moja dukani kuchukua ya stima. Ile ya petroli aliiuza kwa mtu wa Kayole. Kabla ya kuitoa aliiosha, akapiga sabuni hata chini ya mkia mahali ambapo hakuna atakayetazama, akampa mnunuzi funguo. Nilimpa kitambaa changu apanguse mikono. Akakitumia kwa macho, nami nikajifanya nasoma risiti.

Kuanzia hapo, kila jioni alifanya alivyoambiwa. Alifika kwenye kibanda, akachomoa betri, akamwachia dada wa pale, akashika usukani na kusukuma mpaka Kaloleni. Alfajiri aliifuata betri kwa miguu, watu bado wamelala. Na jioni, mnajua ninyi, ndiyo saa ambayo Kaloleni yote iko nje. Chapati zinaachiliwa kwenye mafuta, watoto wanatumwa maziwa, wazee wako kwenye ngazi za holi la mtaa wakikosoa serikali. Katikati yao anapita Barasa na pikipiki mpya, inang'aa, imekufa.

"Barasa, ulinunua pikipiki ama mkokoteni?"

"Barasa, mwambie Mathe akurudishie pesa zako."

Yeye hakueleza. Akikabwa sana alisema, "Inalala mapema," akaendelea kusukuma. Mwanamume wa kwetu angesema nini? Kwamba ametumwa na mke, na mke mwenyewe hayuko?

Steji ikafikia uamuzi wake. Ya stima inakimbia asubuhi, ikifika jioni imechoka kama binadamu. Neno hilo lilitoka Kaloleni likafika Makadara, likaruka Jogoo Road likaingia Buruburu awamu zote, likanirudia dukani kupitia kwa muuza mayai. Watu waliosema tutaona wakasema tumeona. Makao makuu wakampigia Kelvin kumwambia kwamba kama hali ni hiyo zile pikipiki zitahamishiwa tawi lingine, na Kelvin akaacha kula mchana.

"Mathe, nakuomba," akaniambia. "Zungumza naye. Apite njia ya nyuma, upande wa reli. Ama abaki na betri usiku, hizi wiki chache tu. Mke wake hayuko. Nani ataona?"

Nilikwenda, sikatai. Nilipenda zile pikipiki, na nilimpenda Kelvin kwa namna ya shangazi. Nilimkuta Barasa amepiga magoti anasugua sakafu kwa sabuni ya unga na brashi, pale penye alama za magurudumu. Alikuwa amesugua kwa siku nyingi, ilionekana, kwa sababu simenti ya pale ilikuwa nyeupe kuliko kwingine kote. Mtoto alikuwa ameshazaliwa, msichana. Barasa alikuwa amemwona kwenye simu tu, na akanionyesha: uso mdogo, umenuna, nakala yake kabisa.

"Wanarudi lini?"

"Hajasema."

"Umemwambia nyumba haina harufu?"

"Kila siku. Anasema sawa."

Mwanamke wa kwetu akikuambia sawa kwa simu, usilale. Nikaona jinsi alivyokonda. Ilibidi niseme nililotumwa, nikalisema haraka, habari ya njia ya nyuma na habari ya betri. Barasa aliweka brashi chini.

"Nyuma kuna matope," akasema. "Na betri, Mathe, tulikubaliana isilale hapa. Hatukusema isilale hapa akiwepo."

"Lakini umemwambia kwamba unasukuma? Kwamba unachekwa?"

"Nimwambie nini? Kwamba nafanya nililosema nitafanya?"

Nilichukua brashi ya pili nikamsaidia upande wa mlangoni, magoti yangu yakinilaumu. Nilimrudishia Kelvin habari ya matope, kwamba njia ya nyuma haipitiki. Kelvin akanitazama, akauliza kama hilo ndilo jibu lote. Nikamwambia ndilo jibu lote, na kwamba kama ni duka kunyang'anywa zile za stima, acha linyang'anywe, mimi yule kijana sitamsumbua tena. Nilikuwa nimekasirika, sijui nilimkasirikia nani. Kelvin, Mungu ambariki, aliondoa lile bango la kuokoa dunia mlangoni na kusema basi tungoje pamoja.

Haikuchukua muda. Jumamosi moja asubuhi dada wa kibanda cha betri alikuja mbio kuniambia Barasa hajaja kuchukua betri yake, na nikaanza kuogopa ugonjwa. Mchana akatokea mwenyewe, amevaa shati la kanisani, anatembea kama mtu aliyebeba maji kichwani. Jentrix alikuwa ameteremka kwenye basi la alfajiri na mtoto mgongoni, bila kumwambia mtu. Aliingia ndani, akasimama katikati ya chumba, akavuta pumzi kwa pua mara kadhaa. Halafu akamlaza mtoto kitandani. Barasa alinieleza hayo yote kwenye kaunta, maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia akisema, kisha akaaga akachukue betri yake kibandani kwa sababu familia inataka kula.

Jioni hiyo akasukuma kama kawaida. Wakamcheka kama kawaida. Lakini sasa alikuwepo wa kujibu. Kesho yake penye mfereji wa maji, jirani yao Mama Junior akampa Jentrix pole kwa ile pikipiki mbovu, na Jentrix akaeleza mbele ya ndoo zote kwamba si mbovu. "Anaisukuma kwa sababu mimi nilimwomba," akasema. Naambiwa ndoo zilijaa zikamwagika. Kila mwanamke pale alikuwa na tangi lake miguuni pa kitanda.

Jumatatu kigoda changu kilikaliwa asubuhi mpaka jioni. Walikuja na waume zao, waume wakitazama viatu. Hakuna aliyeniuliza mwendo wala Bungoma. Waliuliza, iko ile ya kusukuma? Nikawajibu iko. Na ninyi mkiulizwa jibuni iko, kisha mwulizeni mama anaishi chumba cha namna gani na jiko liko upande gani, mwonyesheni betri inavyotoka, mwonyesheni kibanda. Msimwambie anaogopa bure. Wakuu walipokuja kutuuliza siri ya mauzo ya Kaloleni, Kelvin aliwaambia ni usalama wa familia, wakaandika wakafurahi. Si uongo. Mimi ningesema watu hununua kile ambacho kitawarudisha wote kulala chumba kimoja, lakini hilo halibandikiki mlangoni.

Jentrix mwenyewe alikuja baadaye, mtoto alipopata nguvu ya kutolewa nje. Nilimpa kigoda, nikampokea binti, akanishika kidole asiachie. Nikamwuliza lile lililonisumbua, kwa nini alikawia hivyo, na nini kilimleta ghafla.

"Nilikuwa sijaamua, Mama," akasema. "Kila siku ananiambia njoo, nyumba haina harufu, betri hailali hapa. Mama yangu akaniambia kwamba kwa simu hakuna nyumba inayonuka. Nikaona ni kweli, nitajuaje? Mtoto nimrudishe kwa maneno?"

Akamfunika binti miguu.

"Kisha Mama Junior akanipigia. Akasema pole sana dada, mumeo walimuuzia takataka, pikipiki mpya na kila jioni anaisukuma mpaka mlangoni, watu wote wanamcheka. Nikamwuliza, hata jana? Kwa sababu jana yake huko kwenu ilinyesha, nilisikia kwa redio. Akasema hata jana, kwa ile mvua yote. Nikakata simu, nikaanza kukunja nguo za mtoto."